Mkulima Mgeni Haanzi na Sifuri

(Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia waliokutana Riruta, Nairobi. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa sababu vikundi kadhaa viliomba nakala.)

Ndugu wenyekiti, makatibu, waweka hazina, akina mama na akina baba, na nyinyi vijana mlioketi karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoroka, tumeambiwa tuseme dakika arobaini. Tutajaribu.

Asubuhi tulipokuwa tukinywa chai, mzee mmoja kutoka upande wa Karai alituuliza: "Nyinyi watu wa Kawangware, huko mnalima nini? Mawe?" Watu wakacheka, na sisi tukacheka. Lakini swali lake ni zuri, nasi tumeona tuanze nalo.

Sisi ni kikundi cha watu tisa. Wanne wamezaliwa upande huu wa Dagoretti, wawili wametoka Kivu kule Kongo, mmoja ametoka Burundi, mmoja ni Mnubi wa Kibera, na mmoja alitoka Vihiga akaja Nairobi kutafuta kazi mwaka 1991 na bado anaitafuta. Kazi yetu ni kuwasaidia watu wanaoanza kulima katika mji huu na kandokando yake, hasa wale wasio na shamba la baba wala la babu hapa. Tunazunguka Kawangware, Kangemi, Riruta, Waithaka, Uthiru, mpaka Kinoo. Hatuna gari. Tuna baiskeli mbili, na moja haina breki.

Sasa, je, kweli mjini watu wanalima? Mzee wetu, wanalima sana, na walikuwa wakilima kabla yetu. Mwaka 1985 Taasisi ya Mazingira ya hapa Nairobi ilipima miji 6 ya Kenya, ikaona kwamba karibu kaya 3 katika kila 10 zilikuwa zinalima chakula mlemle mjini. Wakati huo sheria ndogo za mji ziliona mahindi ya mjini kama uchafu, na askari wa kanjo walikuwa wakija na mapanga na kuyafyeka. Kanjo walifyeka, akina mama wakapanda tena. Mambo yalikuja kubadilika katika maandishi mwaka 2015, Kaunti ya Nairobi ilipopitisha sheria yake ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Tunasema "katika maandishi" kwa sababu si kila askari ameisoma. Kwa hiyo tunawaambia wakulima wetu waweke nakala nyumbani, hata kama imekunjwa kunjwa.

Haya. Hawa wanaoanza ni akina nani?

Kuna wakimbizi. Wengi wenu mkisikia mkimbizi mnafikiria Kakuma au Dadaab, mahema na foleni. Lakini Nairobi ina makumi ya maelfu yao, na wale wa Kongo, Burundi na Rwanda wengi wanakaa upande wetu huu wa magharibi, katika vyumba vya mabati kama watu wengine. Kuna Wanubi wa Kibera, ambao si wageni hata kidogo. Babu zao walikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Mwingereza, wakapewa ruhusa ya kukaa na kulima pale kwa kibali kilichoitwa "shamba pasi". Mwaka 1918 eneo lao lilitangazwa kuwa ekari 4,197. Mwaka 2017, baada ya karibu miaka mia moja ya kudai, walipewa hati ya jamii ya ekari 288. Hesabu hiyo fanyeni wenyewe. Mama mmoja mzee wa Kinubi, ambaye sisi tunamwita Nyanya, hutuambia jinsi mama yake alivyovuna mahindi na karanga mahali ambapo leo huwezi kuweka hata ndoo ya maji bila kukanyaga mlango wa jirani. Kuna pia Washona, ambao wazazi wao walikuja kutoka Zimbabwe katika miaka ya 1960 kuhubiri, wakakaa Kinoo, Kikuyu, Kiambaa na Githurai wakifanya useremala na kusuka vikapu. Walikaa karibu miaka sitini bila kitambulisho, mpaka mwaka 2021 zaidi ya 1,600 kati yao walipopewa uraia. Mtu asiye na kitambulisho hawezi kuwa na akaunti, hawezi kukodi shamba kwa maandishi, hawezi hata kusajili laini ya simu kwa jina lake. Atalima wapi?

Hao ndio tunaowaita wanaoanza. Na hapo ndipo sisi wenyewe tulipokosea.

Tulipofanya mafunzo ya kwanza, tulikuwa na makaratasi makubwa ya kubandika ukutani, na tulikuwa tumenunua kalamu za rangi. Tulikusanya akina mama kumi na wanne katika ukumbi mdogo, tukaanza na somo la kwanza: namna ya kushika jembe na namna ya kuandaa kitalu. Mmoja wetu alisimama akaonyesha kwa vitendo, akiinama hivi. Akina mama walitazama kimya, kwa adabu. Halafu mama mmoja wa kutoka Uvira akamnong'oneza mwenzake, na wote wakaanza kucheka mpaka wengine wakafuta machozi. Tuliuliza kuna nini. Hakutaka kusema. Tulipomlazimisha akasema: "Mwalimu, samahani. Mimi nililima hekta mbili za muhogo na maharage na kulisha watu kumi na mmoja. Wewe unashika jembe kama mtu anayeogopa litamng'ata."

Ilikuwa kweli. Yule mwalimu wetu alikuwa na cheti, lakini alikuwa amelima zaidi kwa daftari.

Basi tulikunja yale makaratasi, tukakaa chini, tukauliza swali ambalo tulipaswa kuuliza mwanzo: nyinyi mnajua nini, na ni nini msichokijua hapa? Jibu lilichukua siku mbili. Kulima walijua. Kitu wasichokijua kilikuwa ni hapa.

Tutoe mfano. Uvira iko kando ya Ziwa Tanganyika, chini, kwenye joto. Huku Kabete tuko juu, kama mita 1,800 kutoka baharini, na mwezi wa saba unajua wenyewe baridi yake. Mama yule alikuwa amepata vipande vya muhogo, akavipanda nyuma ya nyumba kwa bidii yote, akingojea avune baada ya mwaka kama kwao. Mwaka ukaisha, muhogo uko kama kidole. Akafikiri amerogwa. Hakurogwa. Kwenye baridi hii muhogo huenda polepole sana, miezi kumi na minane au hata zaidi, na mtu aliyekodi kipande cha ardhi kwa misimu miwili hawezi kungojea. Mtu yeyote wa Kinoo angeweza kumwambia hivyo kwa dakika moja, lakini hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyemsalimia.

Mfano mwingine ni wa mboga. Huyu mama alikuwa anajua lengalenga. Ameila tangu utoto. Akaenda Kangemi sokoni akatafuta mbegu ya lengalenga, hakuna anayeijua. Kumbe ni terere! Mchicha uleule, jina tofauti. Managu wengine hapa mnaita osuga, wengine rinagu, wengine lisutsa. Saga ni akeyo, ni chinsaga. Mtu ambaye hajui majina haya hawezi kuuza sokoni Kawangware, kwa sababu mnunuzi anayetaka osuga atapita mbele ya managu yake asiyaone. Tukatengeneza ubao mmoja wa mbao wenye mboga kumi na majina yake katika lugha saba. Tunaweza kusema kwa uhakika kwamba ule ubao umesaidia watu kuliko somo letu lolote. Vikundi vyenu vinavyopakana na mji vitengeneze wa kwao. Gharama yake ni ubao na rangi.

Na sasa sisi tukafundishwa. Siku moja tulikuta akina mama wa Kongo wamechuma majani ya viazi vitamu, wanayapika. Sisi huku majani hayo tunawapa mbuzi na ng'ombe. Mmoja wetu akasema kwa sauti ya huruma, "Masikini, njaa imewafikisha huku." Wakamshangaa. "Haya ni matembele," wakasema, "kaa ule." Alikula sahani mbili. Tangu siku hiyo familia kadhaa za Waithaka zinapanda viazi vitamu kandokando ya boma kwa ajili ya mboga, maana majani yake huchumwa na kuchipua tena, na wakati wa kiangazi, sukuma wiki ikiwa ghali, hayo yapo.

Kitu kikubwa zaidi tulichojifunza ni maharagwe yanayopanda miti. Sisi huku tunapanda rosekoko na mwitemania, maharagwe mafupi ya chini, katikati ya mahindi. Watu wa Rwanda na Kivu, ambako milima imejaa watu na shamba ni kipande kidogo, wana maharagwe marefu yanayopanda juu ya fito mpaka kupita kimo cha mtu. Eneo lilelile la ardhi linakupa maharagwe mengi zaidi, kwa sababu unavuna kwenda juu. Unahitaji fito za mita mbili, imara, na ardhi yenye mbolea, maana haya ni walafi. Usipoweka fito mapema, tuseme mmea ukiwa na urefu wa shubiri, yatajisokota chini na kuoza. Hukomaa polepole kuliko yale mafupi, hilo nalo ujue. Lakini unachuma kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Mkulima wa Uthiru mwenye robo ekari, ambaye mtoto wake wa kiume atataka kujenga juu ya nusu yake, huyo ndiye anayehitaji maharagwe haya kuliko mtu mwingine.

Tuseme pia juu ya wale wasio na ardhi kabisa. Kwao tunatumia gunia. Kibera iliifahamu njia hii hasa mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, wakati bei ya chakula ilipopanda na shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités lilipogawa miche kwa maelfu ya kaya. Wengi wenu mmeona gunia hizo, lakini nyingi zimetengenezwa vibaya, ndiyo maana tunataka kueleza.

Chukua gunia la kilo 90. Changanya udongo madebe matatu, samadi iliyooza vizuri madebe mawili, na mchanga debe moja. Samadi mbichi itachoma mizizi, kwa hiyo kama unaipata kwa mfugaji wa jirani, iache irundikwe kwanza mpaka isitoe joto. Kunja mdomo wa gunia kwenda nje, weka udongo wa kiasi cha shubiri chini. Halafu chukua mkebe usio na tako, uusimamishe katikati, ujaze kokoto ndani, na udongo pande zote nje ya mkebe. Vuta mkebe juu taratibu, kokoto zibaki, jaza tena. Fanya hivyo mpaka juu. Sasa una nguzo ya mawe katikati ya gunia, na maji ukiyamimina pale juu yatashuka na kufika kila mahali. Watu wengi wanaruka hatua hii ya mawe. Wanajaza udongo mtupu, wanamwagilia, maji yanakaa juu, chini kunabaki kukavu, na miche ya ubavuni inakufa. Halafu wanasema gunia halifai.

Toboa matundu ubavuni kwa kupishana, kama shubiri moja kati ya tundu na tundu, usikate makubwa. Panda sukuma wiki au spinachi ubavuni, na juu weka vitunguu au dania. Mwagilia asubuhi na jioni. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanafaa, ya sabuni nyingi hayafai. Vidukari wakija, jivu la jikoni asubuhi kabla umande haujakauka. Baada ya wiki kama sita utaanza kuchuma majani ya chini, na ukichuma kwa adabu utaendelea kwa miezi mingi. Gunia la nailoni likikaa juani litachakaa baada ya mwaka au miwili. Udongo usiutupe, uongeze samadi, uhamishe.

Gunia mbili au tatu hazimtoi mtu kwenye umaskini. Hatutaki mtu yeyote atoke hapa akiwa na ndoto hiyo. Zinaondoa ile pesa ya mboga ya kila jioni, na kwa mama anayefua nguo za watu Lavington kwa kibarua cha siku, ambaye siku nyingine anakaa kando ya barabara mpaka saa tano bila kuitwa, hiyo ndiyo tofauti kati ya watoto kula ugali na mboga na kula ugali na chumvi.

Kuhusu maji tutasema wazi, hata kama kuna watakaochukia. Mto Nairobi na vijito vyake vinapita upande wetu, na watu wanalima nduma na sukuma kwenye kingo. Maji yale yana choo cha binadamu, na mahali pengine yana mafuta ya magari na taka za karakana. Vijidudu vya choo unaweza kuvipunguza kwa kuosha na kupika. Risasi na madini mengine mazito hayaondoki kwa kupika. Yanaingia kwenye jani lenyewe, na yanawaumiza zaidi watoto wadogo. Sisi hatumfundishi mtu kumwagilia mboga za majani kwa maji hayo, na tukimkuta analima chini ya karakana tunamwambia ahame, hata kama hana pa kuhamia. Ni neno gumu. Udongo ukitiliwa shaka, upelekwe kupimwa. Maabara za utafiti wa udongo ziko hapahapa Kabete, kando ya Waiyaki Way, na kikundi kikichanga pamoja gharama si ya kutisha.

Sasa tufike kwenye jambo lililotuleta. Ardhi.

Misimu michache iliyopita, mwenye ploti mmoja, ambaye hatutamtaja, alituachia kipande kilichokuwa jalala. Kulikuwa na chupa, nepi, mifuko, na mbwa aliyekufa. Akina mama kumi na wawili, wanane wakimbizi na wanne wenyeji, walikisafisha kwa wiki tatu. Walibeba samadi kwa karai kichwani kutoka kwa wafugaji. Msimu wa kwanza hawakupata kitu. Msimu wa pili walipata mboga za kula na kidogo za kuuza. Msimu wa tatu yale maharagwe marefu yalisimama mpaka watu waliokuwa wakipita barabarani walisimama kuuliza ni mmea gani. Yalipoanza kuweka maganda, tulikuta waya umezungushwa na kufuli mlangoni. Mwenyewe alisema sasa ardhi imekuwa nzuri na mpwa wake anataka kulima. Maharagwe yale yalivunwa na huyo mpwa.

Hatukuwa na karatasi. Sisi, walimu, ndio tuliowaambia akina mama, "Huyu ni mtu mzuri, neno lake linatosha." Mmoja wao alikuwa amechelewesha kodi ya nyumba akitegemea yale mavuno. Alifungiwa chumba, vitu vyake vikakaa nje usiku mmoja, na mtoto alikuwa na kikohozi. Tulichanga kutoka kwenye sanduku la kikundi na kulipa. Lakini alituambia maneno ambayo tunayakumbuka kila tunapokutana na mwenye shamba: "Kule kwetu nilikimbizwa na bunduki. Hapa nimekimbizwa na kufuli."

Tangu siku hiyo hatupandi hata mche mmoja bila maandishi. Mkataba wetu ni karatasi moja, katika Kiswahili, nakala tatu. Unasema kipande kina ukubwa gani kwa hatua au kwa kamba. Unasema kodi ni ngapi na italipwa kwa M-Pesa ili ibaki kumbukumbu. Unahesabu muda kwa misimu, mvua ndefu na mvua fupi, kwa sababu mkataba unaoisha Desemba 31 unaweza kukukuta na maharagwe mabichi. Unasema kwamba mwenye shamba akitaka kipande chake atoe notisi ya msimu mzima, na zao lililo shambani livunwe na aliyelipanda. Shahidi ni mzee wa kijiji na mtu mmoja wa kila upande. Mwanzoni wenye mashamba walikasirika wakisema hatuwaamini. Sasa wengine wanaupenda, maana na wao wanajua kodi yao itakuja lini.

Kuhusu sheria, yale mliyosikia kwamba mkimbizi haruhusiwi kufanya chochote si kweli tena. Desemba 2012 serikali iliagiza wakimbizi wa mjini warudi kambini. Kituo cha Sheria na wakimbizi wenyewe wakaenda Mahakama Kuu, na Julai 2013 agizo hilo likabatilishwa. Baadaye ikaja Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inayotambua kwamba mkimbizi anaweza kufanya kazi au biashara, peke yake au katika kikundi, kwa kufuata masharti ya nchi. Kumiliki ardhi ni jambo lingine. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia anaweza tu kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Na kwa ardhi ya kilimo huko vijijini kuna bodi ya ardhi, ambayo sheria yake ni kali kwa asiye raia. Kwa hiyo kabla ya kukodisha kwa muda mrefu, ulizeni mtu wa sheria, msidanganywe na wakala wa kona.

Mtaona ajabu tukiwaambia kwamba mambo haya yako hata Marekani. Wasomali wa Kibantu walikuwa wakulima wa Mto Juba, na wengine wao bado wanasema Kizigua, lugha ya kule Tanga. Vita vya 1991 viliwatupa Dadaab, kisha Kakuma, na kuanzia mwaka 2003 wengi wakachukuliwa Marekani. Baadhi wakaishia mji wa Lewiston, jimbo la Maine, kwenye theluji. Huko wakaanza kulima tena, familia kwa familia, kwenye vipande vidogo vya kuazima, mahindi ya aina yao. Nao shida yao kubwa ilikuwa ileile, kuhamishwa kila baada ya muda. Walipumua walipopata shamba la ekari zaidi ya 100, likiwekwa chini ya dhamana ambayo haiwezi kuuzwa na mtu mmoja. Wakaliita Little Jubba, yaani Juba Ndogo.

Sasa tunawaomba nini? Nyinyi mna vikundi vyenye mashamba. Kila shamba lina kona isiyolimwa, kwa sababu mtoto amekwenda mjini au mgongo wa mzee umechoka. Tunaomba kona, kwa kodi na kwa mkataba. Na pamoja na kona tunaomba mkulima mwenyeji mmoja ambaye atamtembelea mgeni mara moja kwa wiki katika msimu wa kwanza, amwambie mvua inanusaje hapa, sota wanakuja lini, na ni nani sokoni asiyepunja. Hatulipi mshahara. Tunalipa nauli na chai.

(Hapa mama mmoja wa kikundi cha Muguga alisimama akauliza: "Na wakishajua mbinu zetu, wakitushinda sokoni je?")

Mama, tunashukuru umeuliza mbele ya watu badala ya kuuliza nyuma ya nyumba. Tutakujibu bila kukuficha. Kwa terere wanaweza kukushinda. Wanaichuma changa na kuifunga vizuri, na wanunuzi wameanza kuwatafuta. Tumeona mwenyeji mmoja Kangemi akipoteza wateja wawili watatu. Lakini tumeona pia akina mama watano, watatu wageni na wawili wenyeji, wakichanga kukodi pikapu moja kwenda Marikiti alfajiri, ambako mtu mmoja mwenye kifurushi anapangiwa bei na madalali, na watano wenye magunia kumi wanasikilizwa. Wewe ukiwa na majirani wanaolima, una mtu wa kuchanga naye. Ukiwa na majirani walio na njaa, utahitaji mlinzi. Uamuzi ni wa kikundi chenu, hatuwezi kuwaamulia.

Muda umekwisha, mwenyekiti anatuangalia. Vikundi vilivyo na kona viandikishe kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi huu, ili tuje kupima kwa kamba kabla mvua haijaanza. Na kwenye ile meza, karibu na birika la chai, kuna mkebe wa mbegu za maharagwe marefu, nyekundu na za madoadoa. Kila kikundi kichukue konzi moja. Ni mkopo: baada ya mavuno mtarudisha makonzi mawili, na hayo yataenda kwa kikundi kingine. Fito tafuteni mapema.